Kuanza Lugha ya Kompyuta Iitwayo Python

Natumaini wote mmekwisha kukaa, na kila mmoja anayo karatasi ya somo au anatazama pamoja na jirani yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe na chaki karibu na ubao, maana leo tutaandika.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya lugha mpya. Si lugha ya kabila fulani, wala si lugha ya kusemwa kwa kinywa. Ni lugha ya kuandikia kompyuta maagizo, na jina lake ni Python.

Najua kwamba wengine wenu mnasema moyoni: "Sisi tumeanza kusoma juzi tu. Mambo ya kompyuta ni ya vijana wa chuo kikuu." Neno hilo sitalijibu kwa kubishana. Nitalijibu kwa kazi. Kabla somo halijaisha, kila mmoja wenu atasoma mistari michache ya Python na kueleza itatenda nini. Asiyeweza, na amwambie mwalimu, somo lirudiwe. Kuuliza si ujinga.

KWA NINI TUJIFUNZE

Tuchukue mfano. Tuseme kiko chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima huleta mazao katika gunia, gunia hupimwa, kisha uzito wa gunia lenyewe hutolewa, maana chama hununua mazao, hakinunui gunia. Tuseme gunia tupu lina uzito wa kilo 1.

Zamani karani aliandika hesabu katika daftari. Mkulima aliyejua kusoma alisimama kando, akatazama, akasema, "Karani, hapo umekosea." Siku hizi, mahali pengi, karani huingiza kilo katika kompyuta, na kompyuta hutoa stakabadhi. Ndani ya kompyuta hiyo mna maagizo yaliyoandikwa na mtu. Tuseme mstari mmoja wa maagizo hayo ni huu:

kilo_safi = kilo - 2

Tazameni vizuri. Gunia lina kilo 1, lakini mstari huu watoa kilo 2. Kila gunia lapoteza kilo 1 ya mkulima. Yakiletwa magunia 800, zimepotea kilo 800. Ikiwa bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, zimepotea shilingi 2,400,000. Labda mwandishi hakukusudia kuiba. Labda kidole chake kiliteleza tu. Lakini wakulima wamepunjwa vile vile.

Basi mkulima akiuliza, aghalabu hujibiwa: "Kompyuta ndiyo iliyosema." Ndugu zangu, nataka mlishike neno hili kuliko yote nitakayosema leo. Kompyuta haikusema. Mtu aliandika, na kompyuta ikatii. Kama mtu aliandika vibaya, kompyuta itatii vibaya, asubuhi na jioni, bila kuchoka na bila kuona haya. Mwenye kujua kusoma maagizo hayo aweza kusema, "Nionyesheni mstari wenyewe." Asiyejua hana la kusema.

LUGHA HII ILITOKA WAPI

Lugha za kompyuta hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitungwa na watu, na nyingine zilitungwa kwa ajili ya wanaoanza. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitoa lugha iitwayo BASIC. Walitaka hata mwanafunzi asiyesomea hesabu wala sayansi aweze kuitumia kompyuta.

Python ilikuja baadaye. Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, alianza kuitunga mwishoni mwa mwaka 1989 mjini Amsterdam, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Alitaka maandishi yake yasomeke kwa urahisi. Jina lake halikutoka kwa chatu, ingawa kwa Kiingereza neno hilo ni jina la chatu. Lilitoka kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Python haiuzwi, hutolewa bure kwa kila mtu. Yaweza kuwekwa katika kompyuta, na hata katika simu nyingi za mkononi zinazotumia intaneti.

Je, ina maneno mangapi? Mtoto wa miaka mitatu anajua maneno mengi kuliko maneno ya lazima ya Python. Maneno iliyojiwekea yenyewe, yasiyoweza kutumiwa kwa kazi nyingine, ni 35 tu. Yametoka katika Kiingereza, lakini huhitaji kujua Kiingereza kuyatumia. Yatosha kujua kila neno lafanya kazi gani, kama fundi ajuavyo kazi ya kila chombo mfukoni mwake. Leo tutatumia maneno manne tu ya hayo, pamoja na neno moja la nyongeza.

MKALIMANI

Kompyuta yenyewe haijui Python. Mashine hiyo hufanya kazi kwa umeme, na ndani yake mambo yote huwekwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo kati yetu na mashine yuko mkalimani. Mkalimani huyo ni programu, nayo ndiyo tunayoiweka tunaposema tumeweka Python.

Mkalimani huyu ana tabia tatu, nazo yafaa mzijue. Kwanza, hupitia maandishi yote kuona kama yamepangwa kwa kanuni. Akikuta kanuni imevunjwa, hatendi hata mstari mmoja. Pili, kama yote ni sawa, huanza mstari wa juu na kushuka mmoja mmoja. Tatu, hafanyi lolote ila lililoandikwa. Hakisii. Mtu ukimwambia, "Niletee maji," atatafuta kikombe mwenyewe. Mkalimani huyu usipomtajia kikombe, hataleta kikombe.

NENO LA KWANZA: print

Neno hili lilikuwa na maana ya kuchapa. Katika Python hutumika kuamuru: onyesha kwenye kioo. Mwalimu, andika ubaoni:

print("Hamjambo")

Kompyuta itaonyesha: Hamjambo. Angalieni alama. Baada ya neno print pana mabano, na ndani ya mabano pana alama za kunukuu. Sasa tazameni mistari hii miwili:

print(7 + 5)
print("7 + 5")

Nitangoja kidogo. Zungumzeni na jirani zenu: je, yote miwili itaonyesha jambo moja?

Haya. Mstari wa kwanza utaonyesha 12. Mstari wa pili utaonyesha 7 + 5, vile vile kama ilivyoandikwa. Maana yake, kitu kilichofungwa katika alama za kunukuu ni maandishi, na Python hayagusi. Kitu kisichofungwa ni hesabu, na Python huikokotoa. Basi alama mbili ndogo zabadili jibu zima. Ninyi mmekwisha kuona jambo kama hili katika kusoma. "Amekuja" na "Hamekuja" ni herufi moja tu, lakini la kwanza ni neno, na la pili si neno.

KUPA VITU MAJINA

Sasa someni mistari hii minne:

kilo = 42
bei = 3000
malipo = kilo * bei
print(malipo)

Alama ya nyota ni ya kuzidisha. Mara 42 kwa 3,000 ni 126,000, na ndiyo itakayoonyeshwa: 126000. Angalieni kwamba katika Python hatuweki mkato ndani ya hesabu. Tukiandika 3,000 Python itadhani ni vitu viwili, 3 na 0. Vile vile nusu huandikwa kwa nukta: kilo 48 na nusu ni 48.5.

Mmeona kwamba majina ni ya Kiswahili. Kilo, bei na malipo tumeyachagua wenyewe. Python haijali ni lugha gani, mradi jina lisiwe na nafasi ndani yake, wala lisianze kwa tarakimu. Ndiyo sababu katika mfano wa ushirika tuliandika kilo_safi, kwa kistari cha chini mahali pa nafasi. Tena Python hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kilo na kilo ni majina mawili mbalimbali, kama Juma na Jumaa.

Hapa pana jambo linalowasumbua wengi, hata vijana wa shule. Ile alama ya = si "sawa na" kama katika somo la hesabu. Maana yake ni "weka". Fikirini kibao kidogo chenye jina. Mstari kilo = 42 ni kama kuchukua kibao kiitwacho kilo na kuandika 42 juu yake. Ukija baadaye kuandika kilo = 50, ile 42 imefutwa. Kwa hiyo twaweza kuandika:

jumla = 0
jumla = jumla + 48

Katika hesabu ya shule jambo hili lingekuwa upuuzi. Katika Python ni kusema: soma kilichomo katika kibao cha jumla, ongeza 48, kisha andika jibu juu ya kibao kile kile. Sasa kibao kina 48.

KUAMUA: if NA else

Kila siku twafanya maamuzi. Mvua ikinyesha nitapanda, isiponyesha nitangoja. Python huandika hivyo kwa maneno mawili. Neno if ni "ikiwa", na else ni "kama sivyo".

if kilo > 50:
    print("Gunia limezidi")
else:
    print("Gunia ni sawa")

Alama ya > maana yake "ni zaidi ya". Nukta mbili mwishoni mwa mstari ni za lazima. Tena tazameni kwamba mistari ya print imeingizwa ndani kwa nafasi nne. Nafasi hizo si pambo. Katika lugha nyingine za kompyuta ni mazoea mazuri tu, lakini katika Python ni kanuni. Ndizo zinazomwambia mkalimani: mstari huu uko chini ya mamlaka ya ule wa juu yake.

Je, gunia likiwa na kilo 50 kamili, kompyuta itasema nini? Itasema "Gunia ni sawa", maana 50 si zaidi ya 50. Ukitaka hata kilo 50 ihesabiwe kuwa imezidi, andika >= ambayo maana yake "ni zaidi ya, au ni sawa na". Na ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa, andika == yaani alama mbili, kwa kuwa ile moja tumekwisha kuipa kazi ya kuweka. Mpakani ndipo penye magomvi ya mashamba, na mpakani ndipo penye makosa ya programu. Mkisoma if yo yote, ulizeni kwanza: je, pale pale mpakani?

KURUDIA: for NA in

Kompyuta hupendwa zaidi kwa kazi ya kurudia. Tuseme mkulima ameleta magunia matatu, ya kilo 48, 51 na 50.

jumla = 0
for gunia in [48, 51, 50]:
    jumla = jumla + gunia
print(jumla)

Tusome pamoja: anza na jumla 0. Kwa kila gunia katika orodha hii, ongeza gunia juu ya jumla. Mkimaliza, onyesha jumla. Mara ya kwanza kibao kitakuwa na 48. Mara ya pili, 99. Mara ya tatu, 149. Jibu ni 149. Orodha ingekuwa na magunia 800, mistari ingebaki ile ile minne. Hapo ndipo mjue nguvu ya kompyuta, na hatari yake: kosa moja ndani ya mstari unaorudiwa ni makosa 800.

Sasa jaribio. Mwalimu, ichukue print na uiingize ndani kwa nafasi nne, iwe sawa na mstari ulio juu yake. Itaonyesha nini? Andikeni jibu kabla hamjasoma mbele.

Itaonyesha mara tatu: 48, kisha 99, kisha 149. Hatukubadili hata neno moja. Tulisogeza mstari tu.

MAKOSA YA NAMNA MBILI

Makosa mengine hupiga kelele. Ukiandika prnt mahali pa print, Python itasimama na kukuonyesha mstari wenye kosa, na kusema NameError, yaani: jina hili silijui. Ukisahau kufunga mabano itasema SyntaxError, yaani: mpango wa maandishi si sahihi. Wanaoanza huogopa wanapoona maneno hayo. Msiogope. Kompyuta haikutukanwa, wala wewe hukutukanwa. Soma mstari wa mwisho wa maneno hayo, maana ndio unaotaja namna ya kosa. Kisha tafuta namba ya mstari, ukatengeneze.

Makosa ya namna ya pili hayapigi kelele, nayo ndiyo mabaya. Mstari kilo_safi = kilo - 2 hauna kosa lo lote machoni pa Python. Majina yajulikana, alama ziko mahali pake, hesabu yakokotoleka. Python haijui gunia, haijui mkulima, haijui kwamba kilo 1 ni chakula cha watoto. Kosa hilo aweza kuliona mtu tu, tena mtu anayejua uzito wa gunia tupu. Na katika chumba chenye kompyuta, mara nyingi anayejua kuandika programu hajapata kushona gunia, na aliyeshona magunia maisha yake yote hajapata kuonyeshwa programu. Ninyi mna elimu ya upande mmoja kwa wingi. Somo hili lataka kuwapa kidogo ya upande wa pili.

Siku hizi zimekuja programu ziwezazo kuandika mistari kama hii zenyewe zikiombwa. Wengine husema basi hapana haja ya kujifunza. Mimi nasema haja imezidi. Barua uliyoandikiwa na mwingine ndiyo inayotaka kusomwa kwa makini kabla hujatia sahihi.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Msijaribu kukariri. Fanyeni hivi. Kwanza, someni mistari kwa sauti kwa Kiswahili, kama tulivyofanya leo. Pili, kabla ya kuiingiza katika kompyuta, andikeni jibu mnalolitazamia. Tatu, ijaribuni. Jibu likitofautiana na lenu, mshukuru Mungu, maana hapo ndipo penye somo. Nne, badilini kitu kimoja tu, kisha jaribuni tena.

Darasa lenye simu moja lisikate tamaa. Mtu mmoja awe mkalimani mbele ya ubao. Wengine wamwandikie mistari, naye atende kila mstari kwa chaki, akifuta na kuandika, bila kusaidia na bila kukisia. Kazi hiyo hufundisha kuliko kutazama kioo cha simu kwa mabega ya watu kumi. Haba na haba hujaza kibaba: mistari mitano kwa juma, ikieleweka, yashinda mistari mia iliyonakiliwa.

MASWALI YA DARASA

1. Mstari print("malipo") na mstari print(malipo) una tofauti gani?

2. Katika mfano wa bei, badilini kilo iwe 48.5. Malipo yatakuwa shilingi ngapi? Kokotoeni kwanza kwa mkono.

3. Tengenezeni mstari kilo_safi = kilo - 2 uwe wa haki kwa gunia tupu la kilo 1. Kisha zungumzeni: nani katika chama chenu apaswa kuonyeshwa mstari kama huo kabla haujaanza kutumika?

4. Andikeni if na else kwa jambo moja la kazi yenu wenyewe: duka, shamba, uvuvi au ushonaji. Mwambieni jirani atafute mpaka, naye aulize: pale pale mpakani itakuwaje?

Juma lijalo tutajifunza namna ya kuifanya Python imwulize mtu swali na kungoja jibu lake. Leteni majibu ya swali la nne yakiwa yameandikwa kwa kalamu, nafasi nne nne zikionekana wazi.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Somo jema.